Mpango wa dharura ni wa zamu ya usiku, sio wa ofisini

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha wahudumu, ndugu wa wakazi na viongozi wa mtaa hapa Dar. Wengi waliokosa waliomba wayasome, kwa hiyo nimepunguza salamu kidogo, mengine nimeyaacha yalivyotoka.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, mama yetu wa ustawi wa jamii, ndugu wa wakazi wetu, na wahudumu wenzangu, hasa nyie mliotoka zamu asubuhi na badala ya kwenda kulala mmekuja hapa, asanteni sana, nitajitahidi msisinzie.

Mada niliyopewa ni maandalizi ya dharura kwenye makao ya kulelea wazee na watu wenye ulemavu. Sasa mada ikiwa na jina refu hivyo watu wanategemea mtu aje na makabrasha na mashine ya kuonyesha picha ukutani, mimi nimekuja na swali moja tu. Ni saa nane usiku, mwezi wa nne, mvua inapiga, umeme umekatika. Mkurugenzi yuko kwake Goba, simu ameiweka kimya. Mhasibu yuko Mbagala. Dereva kaondoka na funguo za gari maana kesho anaanzia safari nyumbani. Kituoni wapo wahudumu wawili na mlinzi wa getini. Hao watatu wanajua wafanye nini bila kumpigia mtu simu?

Kama jibu ni hapana basi kituo hakina mpango wa dharura, hata kama kuna faili zuri lenye muhuri. Na mafaili hayo tumeyaona jamani. Jeusi, limejaa, limefungiwa kabatini ofisini kwa bosi na ofisi yenyewe imepigwa kufuli, ukilifungua ukurasa wa kwanza imeandikwa "inapotokea dharura mkurugenzi ataitisha kikao cha kamati ya dharura". Kikao! Saa nane usiku! Wajumbe wapande bajaji kutoka Kimara waje wafungue kikao kwa sala, wasome yatokanayo, huku maji yako magotini.

Sisemi haya kuwacheka watu, nasema kwa sababu nyumba za namna yetu zikipatwa na jambo mara nyingi zinapatwa usiku. Kule Japani mwezi wa saba 2020 mto Kuma ulifurika mkoa wa Kumamoto, kulikuwa na nyumba ya wazee inaitwa Senjuen iko karibu na mto. Mvua ilipiga usiku kucha, maji yakaingia asubuhi mapema. Waliokuwepo ni wahudumu wachache wa usiku na majirani waliokuja kusaidia, wakawa wanawabeba wazee mmoja mmoja kuwapandisha ghorofa ya juu, lifti hakuna, maji yanapanda haraka kuliko wao. Wazee 14 walikufa. Na hiyo ni Japani, nchi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anajua aingie chini ya dawati tetemeko likipiga. Wengi walipona kwa sababu ya mikono ya majirani, hilo nitalirudia baadaye.

Kisa kingine ni Marekani. Septemba 2017 kimbunga Irma kilipita Florida, kwenye mji unaitwa Hollywood (sio ile Hollywood ya sinema, hii nyingine) nyumba moja ya wazee ilikatikiwa umeme wa mashine za kupoza hewa. Jengo halikubomoka, halikufurika, joto tu, joto likapanda siku moja, siku ya pili, ya tatu, wazee wakaanza kuzidiwa. Walikufa 12. Kinachouma ni kwamba hospitali kubwa ilikuwa pale pale jirani, ina umeme, ina ubaridi. Baada ya hapo Florida wakaweka sheria kila nyumba ya wazee iwe na jenereta na mafuta ya kutosha kupoza hewa. Mimi hapo nawaza zaidi wale wahudumu, wanamwona bibi anazidi kulegea, na ndani ya jengo hakuna aliyesema "inatosha, tunawahamisha sasa hivi". Kwenye mpango wenu aandikwe mtu wa zamu ambaye anaruhusiwa kusema hivyo bila kuogopa kufukuzwa kazi kesho yake. Hili naomba mabosi mlisikie vizuri. Muuguzi wa zamu akiamua kuhamisha watu na ikaja kuonekana hatari haikuwa kubwa, msimkate mshahara, msimseme kwenye kikao, mpeni asante. Mkimsema mara moja tu, siku nyingine atasubiri ruhusa, na ruhusa iko Goba imelala.

Turudi kwetu Dar. Sisi hatari zetu tunazijua, hatuhitaji mtaalamu atoke nje kuja kutuorodheshea. Maji ndio ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili 2011 mvua ilinyesha hapa watu kama 40 wakafa, serikali ikawahamishia watu wa bonde la Msimbazi kule Mabwepande. Imerudi tena 2014, imerudi 2018, na masika ya 2024 yenye El Niño Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge watu 155 wamefariki nchi nzima. Na kila mtu wa hapa anajua Jangwani pakijaa maji barabara ya Morogoro inafungwa, kwa hiyo ukiandika kwenye mpango wako "wagonjwa watapelekwa Muhimbili kwa gari la kituo" na wewe kituo kiko upande wa Magomeni, gari lako litaishia kwenye foleni ya watu wanaopiga picha mto. Andika njia mbili. Andika na hospitali ya upande wako wa maji, hata kama ni ndogo.

Halafu kuna mambo ambayo hayana msimu. Watu wa Mbagala mnakumbuka tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya kambini yalivyolipuka, na Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, tena ile ilikuwa usiku, watu walikimbia bila kujua wanakimbilia wapi, watoto wakapotezana na wazazi wao, wengi wakaja kuhifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Agosti 2020 tetemeko nalo likatikisa jiji usiku watu wakashuka maghorofani mbio na kanga moja. Sasa wewe una mzee ambaye amesahau hata jina la mwanae, akishikwa mkono na msamaria mwema kwenye vurugu kama zile akapandishwa gari, utampata wapi? Ndio maana nasisitiza kila mkazi ambaye hawezi kujieleza awe na bangili ya mkononi, jina, jina la kituo, namba mbili za simu, na ugonjwa wake mkubwa kama kisukari au kifafa. Bangili ya plastiki haizidi bei ya soda. Kuna watu wanasema inamdhalilisha mzee, mimi nawaelewa lakini sikubaliani nao, unaweza kuishonea hata ndani ya kola ya shati kama mwenyewe haitaki mkononi.

Moto sasa. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Septemba 2020 watoto 10 waliungua wakafa bwenini Kyerwa kule Kagera. Septemba 2024 jirani zetu Kenya, Nyeri, watoto 21. Yote usiku, yote watu wamelala. Wale walikuwa watoto wenye miguu ya kukimbia. Sisi wetu ni wa kubebwa.

Tupige hesabu, hesabu ya darasa la nne tu. Chukua kituo chenye watu 20, wanane hawatembei kabisa. Kumtoa mmoja kitandani, kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kumsukuma mpaka nje na kurudi, kwa wahudumu wawili tuseme dakika tatu, na hapo nimewapendelea. Wanane mara tatu ni dakika 24. Bado hujamgusa yule anayetembea ila akiona watu wanakimbia anajificha chini ya kitanda, na wapo, kila kituo kinaye. Moshi wa godoro la sponji haukupi dakika 24. Kwa hiyo ule mpango wa "wote watatolewa nje haraka na kukusanyika chini ya mwembe" hautekelezeki, ni mpango wa shule ya sekondari mmeubandika kwenye nyumba ya wazee.

Kinachowezekana ni hiki. Moto uko chumba namba tatu, unamtoa wa chumba namba tatu, unafunga mlango. Narudia, unafunga mlango. Mlango wa mbao uliofungwa unazuia moshi na moto kwa muda mzuri tu, na huo muda ndio unaoutumia kuwasogeza wa vyumba vya karibu kwenda upande mwingine wa jengo, sio lazima nje, upande mwingine ambao una mlango wake wa kutokea. Ukishawatoa karibu na moshi ndio unaanza kuwatoa nje kwa zamu. Kwa jengo la namna hii inabidi katikati ya korido kuwe na mlango unaofungika, wengi hatuna, tumeacha korido ndefu wazi kwa sababu ya upepo. Fundi seremala anauweka kwa siku moja.

Na kubeba mtu, mtu mzima wa kilo 80, dada mwembamba wa zamu ya usiku anambebaje? Habebi. Anatandika blanketi zito chini kando ya kitanda, anamshusha taratibu, miguu kwanza halafu mgongo, anamfunga nalo, anashika upande wa kichwa anakinyanyua kidogo anaburuza. Kwenye sakafu ya vigae mtu anateleza vizuri tu, mhudumu mmoja anaweza. Zoezi hilo mnalifanya leo jioni wenyewe kwa wenyewe, mnaburuzana mnacheka, na mtu akishaburuzwa mara moja hasahau. Ila msianze kujifunza kwa mzee.

Halafu heshima. Bibi wa kipwani hatoki nje bila kanga, labda awe amezimia. Utabishana naye moto unawaka, atakwambia "mwanangu nipe kwanza kanga yangu", na ana haki yake. Basi kanga itundikwe kwenye msumari kichwani pa kitanda, iwe ya kuvuta tu. Na babu mwenye msahafu wake au rozari yake vivyo hivyo, viwekwe kwenye kimfuko pale pale. Unaweza kuona ni jambo dogo lakini ndilo linalokula dakika.

Sasa funguo. Hapa mimi huwa nakuwa mkali na leo sitaomba radhi. Nyumba zetu Dar tunaogopa wezi kuliko tunavyoogopa moto. Dirisha lina nondo, mlango una grili, grili ina kufuli, geti lina kufuli lingine, na funguo ziko kwa mlinzi ambaye saa nane usiku yupo upande wa pili anaongea na mlinzi mwenzie wa jirani. Umewafungia watu wasiotembea ndani ya kasha la chuma. Sisemi mtoe nondo, najua mtaani kwetu kukoje. Nasema kila chumba kikubwa kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba, linafunguka kwa ndani bila ufunguo, fundi wa kuchomelea anatengeneza. Makufuli yote ya njia za kutokea yatumie ufunguo wa aina moja, maduka ya vifaa wanauza makufuli hayo, na kila mhudumu wa zamu anautundika shingoni, akitoka zamu anamkabidhi anayeingia na wote wanasaini kwenye daftari. Ofisini ubaki ufunguo pacha. Nimeshaona kituo ambacho funguo za mlango wa nyuma hazijulikani zilipo tangu kijana aliyekuwa nazo aache kazi, na huo mlango wa nyuma umechorwa kwenye ramani kwa rangi ya kijani na mshale, njia ya dharura.

Ile mitungi myekundu ya kuzimia moto kwa haraka. Angalieni mshale wa geji, ukiwa kwenye kijani uko sawa, ukiwa kwenye nyekundu mmetundika pambo. Vuta pini, elekeza mpira kwenye shina la moto sio kwenye ndimi, bana, pepea kulia na kushoto. Hauchukui hata dakika moja umeisha, kwa hiyo ni wa moto mdogo, ukiona moto umefika darini achana nao toa watu. Mafuta ya kukaangia yakiwaka usimwagie maji hata siku moja, zima jiko, funika na mfuniko au kitambaa kizito kilicholowekwa na kukamuliwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini, ukinusa usiguse swichi, wala kuwasha wala kuzima, funga mtungi, fungua milango. Na zile ekstensheni za soko la Kariakoo zinazobeba feni, friji, pasi na chaji za simu sita, nawaombeni. Zimamoto ni 114, polisi 112, ziandikwe ukutani kwa herufi za kusomeka na tochi. Wakaribisheni Jeshi la Zimamoto waje kukagua, wasije siku ya cheti tu, waje wajue geti lenu liko wapi, maana gari lao ni kubwa na vichochoro vyetu mnavijua.

Umeme na maji. Gridi ya taifa ilishazimika nchi nzima Aprili 2024, mgao tumeuzoea, kwa hiyo jenereta ni muhimu ila lina mambo yake. Likae nje, nje kabisa, sio barazani wala stoo, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inaua watu wamelala. Liwashwe kila wiki hata kama umeme upo. Mafuta yawepo, na anayejua kuliwasha awe mtu wa usiku, sio fundi wa mchana. Kama una mkazi anayetumia mashine ya oksijeni basi huyo ndiye kipimo chako, jenereta likigoma yeye anakaa kwa muda gani na mtungi wa akiba uko wapi. Maji nayo, Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua jiji zima lilikuwa kwenye mgao wa maji, kituo kisifikiri ndoo mbili za bafuni zinatosha. Wanaohudumia wakimbizi wanahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, na wao wanaongelea watu wenye afya, wazee wetu wanaojisaidia kitandani wanahitaji zaidi. Pigeni wenyewe mara idadi yenu mara siku tatu mtaona simtanki lenu ni dogo. Na baada ya mafuriko maji ya kisima yanachanganyika na vyoo, kipindupindu hakichelewi, chemsha au weka dawa ya klorini, usiangalie kama yanaonekana masafi.

Dawa zikae kwenye begi. Kila mkazi mfuko wake wa siku saba, na kikaratasi cha dozi, na kopi ya kadi ya bima, begi moja kubwa lenye rangi ya kuonekana karibu na mlango wa kutokea, sio kabatini kwa nesi. Anayeingia zamu ya asubuhi kila Jumatatu anakagua tarehe. Watu wa kifafa dawa isikatike ghafla, hiyo ni hatari, degedege zinaweza kurudi mfululizo. Insulini inayotumika inavumilia nje ya friji wiki kadhaa ikiwa kivulini pasipo joto kali, ila akiba inataka ubaridi, kwa hiyo pawe na kiboksi cha barafu.

Nirudi kwenye mvua maana hiyo angalau inatoa taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa rangi, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Sisi tukiziona tunazisambaza kwenye magurupu ya WhatsApp na emoji ya mikono ya kuomba, halafu basi. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilitangazwa siku kadhaa kabla hakijafika Mafia tarehe 4 Mei, boti za Zanzibar zikasimama, watu walikuwa na muda. Kituo kinatakiwa kiwe kimeshaamua kila rangi maana yake nini kwenye zamu. Njano, mchana ule ule simtanki linajazwa, tochi na simu zinachajiwa, mitaro inazibuliwa. Chungwa, zamu ya usiku inaongezwa mtu wa tatu na dereva analala kituoni, na analipwa. Nyekundu, kama uko bondeni wasiotembea wanahamishwa kabla jua halijazama, hamsubiri kuona maji. Kuhama mchana na majirani wanaona ni usumbufu, wazee watalalamika, ndugu watapiga simu kuuliza mmewapeleka wapi wapendwa wao, na mvua inaweza isinyeshe kabisa, kama kimbunga Jobo cha Aprili 2021 tulivyojiandaa nacho kikafa njiani. Sawa tu. Mnarudi, mnapika pilau, mnaendelea.

Majirani. Mwenyekiti wa mtaa hapa naomba msaada wako. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati mpaka ngazi ya mtaa, kwa hiyo sisi hatuanzishi kitu kipya, tunaomba tu kamati ya mtaa ijue kwamba nyumba ile yenye ukuta wa bluu ina watu wanane wasiotembea. Mimi ningependa zaidi tuongee na kijiwe cha bodaboda na bajaji pale kona. Hao vijana wako macho mpaka saa saba, saa nane, wana nguvu, wana vyombo vya moto, wanajua barabara ipi imejaa maji kabla ya redio. Wakiitwa waje ndani siku moja wanywe chai, wawaone babu na bibi, wajue mlango wa nyuma uko wapi, siku ya siku hawataanza kuuliza. Na msikiti wa jirani una spika. Imamu tumeshaongea naye, akigongewa usiku atawasha spika aite watu, na hakuuliza hata hao wazee ni wa dini gani. King'ora cha kununua kinauzwa bei mbaya na hakuna anayejua mlio wake maana yake nini, lakini sauti ya spika ya msikiti saa nane usiku inasema kabisa "kwa wazee kuna moto" mtaa mzima unatoka.

Lingine linahusu hela na mabosi watanikunjia sura. Zamu ya usiku tunaipa nani? Tunawapa wageni. Dada kaanza kazi wiki iliyopita, hajui majina, hajui breka ya umeme iko wapi, tunampanga usiku na mwenzie naye mgeni, wazoefu wako mchana kwa sababu mchana ndio wageni rasmi wanakuja na picha zinapigwa. Na posho ya usiku ndogo, kwa hiyo mzoefu anakimbia. Ukitaka kujua kituo kinathamini maandalizi kiasi gani usisome faili lao, soma ratiba ya usiku. Kila usiku mmoja awe mzoefu, posho iongezwe, hiyo ndiyo bajeti ya kwanza ya dharura kabla hata ya jenereta.

Na mazoezi. Kule Marekani tangu 2016 wana kanuni ya serikali, nyumba za wazee zinazopokea malipo ya bima ya umma lazima zifanye mazoezi ya dharura mara mbili kwa mwaka. Sisi tunafanya siku ya uzinduzi, saa nne asubuhi, wafanyakazi wote wapo, fulana mpya, tunamtoa mzee mmoja anayetembea vizuri. Haitusaidii. Zoezi lifanyike usiku, na wale wale wawili na mlinzi, taa zimezimwa kwenye breka, mhudumu mmoja alale kitandani aigize mgonjwa wa kilo 80, mtu mwingine akae pembeni na saa asiseme neno aandike tu, dakika ya ngapi ufunguo ulipatikana, dakika ya ngapi mtu wa kwanza alivuka mlango wa korido. Wazee waambiwe jioni kwamba kutakuwa na kelele, na wenye presha au wanaochanganyikiwa usiku wasiguswe kabisa, hao mnawaigiza. Asubuhi yake mnakaa na ile karatasi, mnarekebisha kitu kimoja au viwili, mwezi unaofuata tena.

Sisi la kwanza tumepanga mwezi ujao, tarehe hatuwaambii wa zamu. Ndugu mnaotaka kuja kuangalia mnakaribishwa, ila mtakaa barazani na hamruhusiwi kusaidia, hata ukimwona dada anahangaika na kufuli kaa kimya. Kabla hamjaondoka kuna karatasi kwa dada pale mlangoni, kila familia iandike namba mbili za simu, jina la nyumba ambayo mzee wenu anaweza kulala siku tatu kituo kikifungwa, na nani ana gari. Nimeziona chache tayari zimejazwa, mmoja kaandika namba ya ofisini kwake. Hiyo haitusaidii usiku bwana, rudi uandike nyingine. Chai na maandazi viko upande ule, wa zamu ya jana waanze kunywa kwanza wakalale.